Nilienda Gede Kutafuta Majini, Nikakuta Choo

Ukitafuta neno Gede kwenye YouTube utakutana na video zilizopikwa chungu kimoja. Droni inapita juu ya miti polepole, muziki wa kuogofya, halafu sauti nzito inakwambia kuhusu mji wa mawe uliomezwa na msitu hapa Pwani, jumba la sultani lililobakia mizimu, na watu wote waliotoweka usiku mmoja bila kuaga. Mwisho unaambiwa ubonyeze kengele. Mimi hizo video nazielewa sana kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Natengeneza video, naandika posti kama hii, kodi ya nyumba inatoka humo humo. Najua jini analeta watazamaji kuliko tarehe, hilo halina ubishi.

Lakini hili neno "walitoweka" limeanza kunikera. Juzi kuna jamaa anayefanya biashara ya kutembeza watalii, jina lake tuliache, alinipigia akitaka klipu ya sekunde 90 kuhusu jumba la Gede. Masharti yake matatu: iwe jioni, iwe na mzimu, na niseme hakuna anayejua waliojenga walikuwa nani. Nikamwambia mawili ya kwanza tunaweza kuongea. La tatu ni uongo. Akacheka, akasema, "Kijana, wewe leta tu mzimu, historia waachie walimu."

Sasa mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hiyo mwalimu si mimi. Lakini historia sijamwachia mtu.

Kwa ambao hawajafika: Gede iko kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kilomita kama 16 kabla hujaingia Malindi, pale barabara ya Watamu inapochepuka. Unashuka stejini, unachukua boda au unatembea tu. Tiketi unalipa kwa simu. Ukivuka lango, kelele za matatu zinakatika kama mtu amezima redio. Mibuyu, mikwaju, mizizi mikubwa imekumbatia kuta, na kima wanaokuangalia mfukoni kabla ya usoni. Ukibeba ndizi, hiyo ndizi si yako tena.

Nakubali kabisa kwamba mahali pale pana kitu. Nimeenda mara nne na kila mara shingo inasisimka nikifika karibu na jumba. Si mimi peke yangu. James Kirkman, Mwingereza aliyechimba Gede kuanzia 1948 hadi 1958, mtu wa vipimo na daftari, mwenyewe aliandika kwamba siku zake za kwanza pale alihisi anaangaliwa na kitu kilicho nyuma ya kuta. Miaka kumi anachimba, na hiyo hisia hakuona aibu kuiweka kwenye karatasi. Kwa hiyo wewe ukienda ukihisi hivyo, usijione mshamba.

Ila kuhisi ni jambo moja, na kueleza unachokihisi ni jambo jingine. Twende ndani.

Jumba la Gede, lile wanaloliita kasri, unaliingia kwa mlango wa tao uliochongoka juu, kisha unashuka kwenye ua ulio chini kidogo ya ardhi ya nje. Paa hakuna, liliporomoka zamani. Kuna ua wa baraza ambapo mtawala aliwapokea wenye kesi na wenye biashara, kuna sehemu ya wanawake iliyojitenga, kuna vyumba na vyumba nyuma ya vyumba. Kwenye kuta utaona vishubaka vya kuwekea taa. Na kila chumba ni chembamba, kirefu kama korido. Hapa ndipo wenzangu wa video huwasha tochi na kunong'ona, ati vyumba vilijengwa vyembamba hivyo kwa sababu za kichawi.

Uchawi wenyewe ni boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na gogo la mkoko linalofaa kubeba dari zito la mawe na chokaa linakupa upana wa mita mbili na nusu, pengine zaidi kidogo. Ukitaka chumba kipana zaidi, dari litakuja kukusalimia kitandani. Basi fundi anarefusha chumba, hakipanui. Nenda Lamu leo uone nyumba za kale, hesabu ni ile ile. Kuta ni mawe ya matumbawe, na chokaa ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Yaani jumba zima limetoka baharini, kuanzia ukutani mpaka darini. Nani alikata hizo boriti mikokoni kwenye matope na nani alizibeba mpaka huku, hilo linafaa kukusisimua shingo zaidi.

Halafu kuna vile vyumba vya nyuma kabisa, visivyo na mlango. Nimeona video tatu zinaviita jela, moja ikaongeza kwamba wake wa sultani walifungiwa humo mpaka wafe, ndiyo maana usiku husikika kilio. Vilikuwa stoo. Ulipanda ngazi ukaingilia kwa kitundu kilichokuwa juu, ukateremsha mali yako, ukatoka, ukaondoa ngazi. Mwizi akija anakuta ukuta. Katika nchi ambayo watu wanaweka senyenge ya umeme kulinda televisheni, sijui kwa nini stoo isiyo na mlango inahitaji mzimu ili ieleweke.

Nikiwa nazunguka humo nikafika mahali ambapo nilisimama muda mrefu kuliko pote. Choo. Choo cha shimo, kimejengewa kwa mawe, na pembeni pamewekwa mahali pa chombo cha maji ya kujisafishia. Kimetengwa vizuri, mtu ana faragha yake. Nikakaa pale nikifikiria. Nyumba zetu nyingi za kupanga huku, vyumba kumi mnagawana choo kimoja, na funguo iko kwa mama wa chumba cha kwanza. Jumba hili lilijengwa miaka ya 1400 na walikuwa na choo cha ndani. Siwezi kukuelezea jinsi hicho choo kilivyoniondolea woga. Mtu anayehitaji choo ni mtu. Anaumwa tumbo, anaamka usiku, anapapasa ukuta akitafuta taa. Tangu pale nikawa siwaoni tena kama mizimu.

Sasa kuhusu majini. Hapa nitawashangaza, kwa sababu majini yapo kweli kwenye historia ya Gede, na si yale mnayouziwa.

Wachimbaji walikuta vyungu vilivyofukiwa ardhini katika majumba ya pale. Mtu wa Pwani akiona chungu kilichofukiwa nyumbani haulizi maswali mengi. Hilo ni fingo. Neno liko kwenye kamusi mpaka leo: dawa au hirizi inayofukiwa ardhini, mlangoni au shambani, ili ilinde. Unamwita mjuzi, anaandaa, inafukiwa, na kiumbe anayekaa humo kazi yake ni moja: kumshughulikia yeyote anayeingia na nia mbaya. Anamchanganya akili, anamzungusha pale pale mpaka kuche. Kila mtu hapa kwetu ana hadithi ya mwizi wa nazi aliyekutwa asubuhi amesimama na nazi zake kichwani, ameshindwa kutoka shambani.

Umeelewa hapo? Ule uvumi kwamba Gede ina vitu haukuanza mji ulipokufa. Wenye nyumba walikuwa na walinzi wao wakati mji uko hai, chakula kiko jikoni na watoto wanakimbia uani. Jini hakuja kuhamia kwenye gofu kwa sababu binadamu wameondoka. Aliajiriwa. Alikuwa askari wa getini. Mwenye nyumba akaondoka, na kwa imani ile ile askari hajaambiwa kazi imeisha.

Mimi nikiisikia hivyo naipenda zaidi kuliko ile ya kilio cha usiku. Ina adabu. Inaniambia mtu huyu alikuwa anaswali, maana jumba liko jirani kabisa na msikiti mkuu, na bado alifukia chungu chini kwa usalama. Nani kati yetu hayuko hivyo? Mnaenda kanisani Jumapili na kuna kitambaa chekundu kimefungwa mahali kwenye pikipiki, tunakiona.

Haya, tuje kwa hili la "hakuna anayejua walikuwa nani".

Nje ya jumba kuna makaburi, na moja limeandikwa mwaka: 802 wa Hijra, yaani 1399. Lina zaidi ya miaka mia sita na tarehe yake imekaa. Watu walikuwa wanaishi hapo kabla ya hapo kwa muda mrefu, mji ukanawiri sana karne ya 15, na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Piga hesabu, ni kama miaka mia nne au zaidi ya maisha ya mji. Kenya kama nchi huru haijafikisha hata mia moja. Ukuta wa nje unazunguka ekari zipatazo 45, na ndani mna msikiti mkuu na misikiti mingine midogo, visima, na nyumba ambazo wachimbaji walizipa majina kwa kile kilichookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Vyombo vya kaure kutoka Uchina vilikuwepo, shanga za kioo kutoka Venice zilikuwepo. Kibla cha msikiti kilipambwa kwa mabakuli yaliyopachikwa ukutani.

Na nyumba hizi za mawe ni za wenye nacho tu. Wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na makuti, ambazo mvua imeshazirudisha ardhini. Hao wengi hawana gofu, hawana jina la mkasi wala la taa, na hakuna anayetengeneza video ya mzimu wao. Ukitaka kujua nani alijaza maji ya kile choo nilichokisifu, anza na hao.

Kirkman mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu uchimbaji wake, jina lake ni The Arab City of Gedi. Soma hilo jina tena. Alikuwa mtu wa wakati wake, na wakati wake waliamini kwamba ukiona jiwe juu ya jiwe Afrika, basi kuna mgeni alipita hapo. Gede ikawa mji wa Waarabu, Waarabu wakaondoka, mwisho wa habari. Lakini juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu wa Gede kumechongwa kichwa cha mkuki mpana. Mkuki, alama ya utawala kwa watu wengi wa bara hili, msikitini. Mtu aliyechonga vile hakuwa anaota nyumbani kwao ng'ambo.

Na mwaka 2023 wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima vinasaba kwenye mifupa ya watu wa zamani wa miji ya Waswahili, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Gede haikuwemo, niseme wazi, lakini Mtwapa ni mji wa namna hiyo hiyo, uko chini tu ya barabara hii hii. Wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na upande wa akina baba kuna damu nyingi ya Asia, Uajemi hasa, iliyoanza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Yaani bibi wa hapa, wageni wakaja, wakaoa, wakazaa, watoto wakaongea lugha ya mama. Hiyo ndiyo lugha unayoisoma sasa.

Kwa nini nashikilia jambo hili kama mtu anayedai deni? Kwa sababu huku Kilifi historia si ya mtihani, ni ya shamba. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwenye ule ukanda wa maili kumi wa Pwani. Mwenye kudai alitakiwa ajitokeze aandikishe. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, hawakuwa na karatasi, walikuwa na miti waliyoipanda na makaburi ya wazee wao. Wakalala wenyeji wakaamka maskwota. Mpaka leo kuna familia hapa zinazolima ardhi ambayo kwenye karatasi ni ya mtu hawajawahi kumwona. Sasa katika mahali kama hapo, ukisimama na kamera ukasema "mji huu ulijengwa na watu wasiojulikana, wakatoweka, msitu ukabaki mtupu," unafikiri umesema hadithi ya kutisha tu? Umesema ardhi haina mwenyewe. Umemwambia Mswahili wa Malindi kuwa ni mgeni, na Mgiriama kuwa amekuja jana, kwa sentensi moja, na muziki juu yake.

Mimi ni Mgiriama. Sidai tsawe wangu alikuwa sultani wa Gede, msianze. Mapokeo yetu yanasema tulitoka Singwaya kaskazini, na nayaheshimu. Ninachokataa ni huu utupu unaotengenezwa ili mzimu apate nafasi.

Na kutoweka kwenyewe hakukuwa kwa usiku mmoja. Kisima kilicho kando ya msikiti mkuu kilichimbwa tena kikaongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yanakimbia chini. Fikiria hilo kwa akili ya mtu wa Ganze au Magarini anayejua ukame: kwanza kamba inaongezwa, halafu kisima kinaongezwa, halafu watoto wa watu wanaanza kuhama. Vita navyo vilikuja. Mwaka 1589 Wazimba walipita Pwani hii wakiangamiza, na Mombasa na Malindi zilikuwa na uadui wao wa muda mrefu. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, na shehe wa Malindi, rafiki yao, akahamia Mombasa. Pesa, meli na wakubwa wakaelekea kusini. Kisha Waoromo wakashuka kutoka kaskazini na njia hazikuwa salama. Hata hili jina Gede linasemekana ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani, kwa hiyo wenye mji huenda waliuita jina jingine kabisa. Hapo pengine ndipo lilipo jibu la lile fumbo linalopendwa sana, kwamba Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia moja na hakuna karatasi yao inayoitaja Gede. Walitaja majina mengine. Na mji wenyewe uko ndani kidogo, haukai ufukweni ukipungia meli mkono.

Kuna ukuta wa ndani pia, uliojengwa baadaye kuliko ule wa nje, unaozunguka eneo dogo zaidi. Huu ukuta mimi naona unatisha kuliko jumba. Watu wamebaki wachache, wanajikusanya, wanajenga ukuta katikati ya mji wao wenyewe na kuwaacha majirani zao wa jana nje. Hakuna jini hapo. Ni baraza tu limekaa jioni, mtu akasema hatuwezi kulinda kote, na wengine wakanyamaza kwa sababu ni kweli.

Nilimuuliza hawe wangu kuhusu Gede, yeye alikulia upande wa huko. Nilitegemea anipe jini la kunipatia watazamaji elfu hamsini.

"Hawe, ni kweli mlikuwa mnaogopa kuingia mle?"

"Tulikuwa tunaheshimu," akasema.

"Kuogopa na kuheshimu si ni kitu kimoja?"

"Wewe mimi waniogopa?"

Nikasema hapana. Akasema, "Lakini wavua kofia ukiingia humu ndani."

Akaniambia hawakukata kuni mle. Kuni za karibu kabisa zilikuwa mle, na walitembea mbali kutafuta za kwingine, wasichana wadogo, na mzigo kichwani. Mti wa mle haukatwi, jiwe la mle halibebwi. Wazee walikuwa wanaingia kwa shughuli zao, kuomba mvua au kuombea mgonjwa, wanatambika, wanatoka. Ukivunja mwiko, koma za wazee hazitakuacha. Basi.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Angalia mahali pengine Pwani ambapo palikuwa na magofu. Mawe mazuri yaliyokwisha kuchongwa, yamekaa bure, na jirani anajenga. Unafikiri yanabaki? John Kirk, mwakilishi wa Waingereza kule Zanzibar, alifika Gede mwaka 1884. Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927. Kabla ya hapo, zaidi ya miaka mia mbili, hapakuwa na askari wa makumbusho, tiketi wala uzio. Palikuwa na mwiko. Wasichana waliopita mbali na kuni ndio waliokuwa wizara ya utamaduni. Mwezi Julai 2024 UNESCO iliiingiza Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, watu wakapiga picha na kupeana mikono. Kaya za Wamijikenda zilikuwa zimeshaingia tangu 2008, na zilibaki kwa njia hiyo hiyo: msitu ambao mtu anaogopa kuukata.

Ndiyo maana siwezi kukaa hapa nikajifanya mjuaji anayewaambia kwamba mizimu ni upuuzi. Upuuzi ni mzimu wa kwenye video, asiye na jina, asiye na ukoo, anayelia tu. Mizimu ya hawe ina ratiba, ina masharti, ina watu wake. Siku niliyopeleka kamera, mzee mmoja anayeongoza wageni aliniona natega tripodi mbele ya lango la jumba. Akaniuliza, "Kijana, umebisha hodi?"

Nikadhani ananitania. Nikamjibu, "Mzee, si hapana mtu?"

"Kwa hiyo nyumba ya mtu akiwa hayupo unaingia tu?"

Nikabisha hodi. Kwa sauti, mbele ya watalii wawili Waitaliano waliokuwa wananitazama. Yule mzee hakucheka hata kidogo. Akaingia mbele, akanionyesha vishubaka vya taa, ua wa baraza, vyumba vya wanawake, na mwisho kile choo, ambacho naye anakipenda kama mimi. Kile kitu cha shingoni hakikuja siku hiyo. Kama ni kwa sababu ya hodi au kwa sababu ya jua la saa nne asubuhi, amueni wenyewe.

Klipu nikaitengeneza, sekunde 90 kamili. Ina mzimu, kama alivyotaka: fingo, askari asiyeambiwa kazi imeisha. Ina kaburi la 802, ina mkuki wa msikitini, ina hawe anasema "tulikuwa tunaheshimu", na ina choo kwa sekunde 11. Yule jamaa akajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba ni nzuri lakini wageni wake hawataki kuona choo wakiwa likizo, na kwa hiyo hatalipa. Sawa. Nimeipandisha kwangu jana usiku. Mkienda Gede, nendeni asubuhi, acheni ndizi stejini, na mkifika kwenye lile tao la jumba mnajua la kufanya.